Maji hayachagui vidole

Wadogo zangu mlioanza wodi wiki hii, leo asubuhi nimewahesabia. Raundi haijafika kitanda cha sita, tayari wagonjwa wawili walishapewa na ninyi majibu yaleyale niliyokuwa nikiyatoa mimi, tena kwa sauti ileile ya mtu aliyefaulu fiziolojia. Mmoja kaambiwa anapiga miayo kwa kukosa oksijeni. Mwingine kaambiwa mguu unakufa ganzi kwa sababu "damu haifiki", na mguu wenyewe wa moto, mapigo yanadunda juu ya unyayo. Sijakasirika. Nimekasirika kidogo.

1. Miayo. Robert Provine na wenzake walilipima jambo hili mwaka 1987: waliwavutisha watu oksijeni tupu, kisha hewa iliyoongezwa kaboni dayoksaidi. Kupumua kulibadilika, miayo haikubadilika. Hilo jibu liacheni. Kama ulikuwa zamu ya usiku na mgonjwa anapiga miayo mbele yako, inawezekana wewe ndiye uliyemwambukiza.

2. Ganzi. Mtu akikalia mguu, kinachobanwa ni neva pamoja na vijishipa vinavyoilisha. Zile sindano sindano anazosikia baadaye ni neva inarudi kazini na kufyatua ovyo. Kabla hujatamka neno damu, gusa mguu.

3. Vidole kukunjamana majini. Hapa kaeni.

Nilikuwa intani. Alikuja mama mmoja aliyekatwa na kioo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, wiki tatu nyuma. Nyuzi zilishatolewa, kovu safi, jembamba, la kujivunia. Nikamgusa vidole na pamba huku anatazama, nikauliza, "Unasikia, mama?" Akasema anasikia. Nani asingesikia, macho yake yako juu ya pamba? Nikaandika kwenye faili: neva ziko sawa.

Akiwa ameshasimama kuondoka, akaniambia, "Mwanangu, nikiosha vyombo hivi viwili vinakunjamana," akanionyesha cha mwisho na cha pete, "hivi vitatu vinabaki laini tu. Na vifungo vya gauni vinaniponyoka." Nilikuwa na jibu mkononi. Nikamweleza kwamba ngozi hunywa maji ikavimba, ndiyo maana inajikunja, na hivi vitatu bila shaka vimeota ngozi ngumu kwa kazi. Akanitazama. "Kwa hiyo maji yanachagua vidole?"

Nikacheka. Naandika hili nikiwa nimeinamisha kichwa: nilicheka, nikampa ruhusa ya kwenda nyumbani. Vile vifungo hata sikuvisikia.

Alirudi baada ya mwezi. Kidole cha shahada kilikuwa na malengelenge mawili, na hakujua ameyapatia wapi. Sufuria ilimuunguza, mwenyewe hana habari. Safari hii bingwa alikuwepo. Hakuuliza swali hata moja. Alichomoa peni ya plastiki mfukoni mwangu akaiburuta taratibu juu ya kidole cha mwisho: ikakwamakwama, kwa sababu ya jasho. Akaiburuta juu ya kidole cha shahada: ikateleza kama juu ya karatasi ya nailoni. Kidole kikavu. Akamwomba mama afumbe macho, akamgusa gumba, shahada na cha kati. Kimya. Akafungua faili, akasoma mwandiko wangu kwa sauti, neno moja moja. Malaika wa mikononi wakanisimama wote. Neva zilezile za simpathetiki, zinazoendesha jasho na mishipa ya damu bila sisi kuamua, nilizozisahau kwenye vidole vya mama wa watu, mwilini mwangu zilikuwa zinachapa kazi vizuri sana.

Kwa maana ngozi haijikunji kwa kulowa kama mkate ndani ya chai. Maji yakipenya kwenye vitundu vya jasho, neva za simpathetiki hubana mishipa ya damu ya ncha ya kidole, nyama ya ndani inapungua ujazo, ngozi ya juu inabaki pana kuliko inachofunika. Neva ikikatika, hakuna kubana, na kidole kinabaki laini hata ukikilowesha saa nzima. Thomas Lewis na George Pickering waliliona hilo mwaka 1936, kwa wagonjwa wa neva hiyohiyo aliyokatwa mama: neva ya kati, inayohudumia gumba, shahada na kidole cha kati. Mama alinipa dalili iliyokuwa vitabuni kabla sijazaliwa, mimi nikamsomesha habari za maji.

Alipasuliwa, neva ikaunganishwa. Baada ya hapo neva hukua kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo kutoka kifundo hadi ncha ya kidole piga hesabu mwenyewe. Miezi. Alikuwa akija kliniki na kunionyesha kidole kabla ya kunisalimia. Hisia zilirudi, si zote.

(Mkiniuliza mikunjo hiyo inatusaidia nini: majaribio ya 2013 yalionyesha watu wakishika vitu vilivyolowa kwa wepesi zaidi, ya 2014 hayakuona tofauti. Msibishane hapo wodini, bishaneni kantini.)

4. Kwikwi. Kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, kinashtuka, nyuzi za sauti zinafunga ghafla, ndio huo mlio. Ikizidi saa 48, acheni mambo ya kumtisha mgonjwa na kumnywesha maji kichwa chini: angalieni figo, chumvi za damu, kifua, ubongo. Lakini msipanike pia. Mmarekani Charles Osborne alikuwa na kwikwi kuanzia 1922 hadi 1990, na katikati ya hayo akaoa na kupata watoto.

5. Kuvunja vidole, yaani kuvialisha mpaka vilie. Mnawaambia wagonjwa watapata baridi yabisi. Daktari Donald Unger alivunja vidole vya mkono wa kushoto kwa zaidi ya miaka 60, wa kulia akauacha uwe wa kulinganishia, na mwisho mikono yote miwili ilikuwa mizima. Ni mtu mmoja tu, najua. Bado amefanya utafiti kuliko sisi.

Kesho kila mtu aje na peni ya plastiki, si ya chuma. Na aliyeondoka na yangu jana pale kitanda cha tisa airudishe kabla ya raundi.