Themometa tatu, namba tatu: tanki langu lina nyuzi ngapi?

SWALI: Shikamoo anko. Niko Tabata, Dar, nina tanki la samaki la lita 80, ndani kuna guppy na angelfish wanne. Nilianza na ile themometa ya stika ya kubandika nje ya kioo, inasoma 30. Shemeji akaniletea ya kioo yenye kimiminika chekundu, hiyo inasema 27. Juzi nikanunua ya dijitali yenye waya, nayo inaandika 28.4. Sasa niamini ipi? Jirani ananiambia nijumlishe zote nigawe kwa tatu nipate ya katikati, ni sawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jirani mwambie asante ila hapana, maana kama moja imepotea nyuzi tatu ukiichanganya na mbili zilizo sawa unakuwa umeziharibu na hizo mbili, af bado hujui iliyopotea ni ipi. Cha kufanya ni kuzipima zenyewe, na kazi hiyo inafanyika jikoni kwa barafu, wala huhitaji hela.

Ila kabla ya barafu stika tuiweke pembeni. Ile haijagusa maji hata siku moja, imegusa kioo, na kioo upande mmoja kina maji upande wa pili kina hewa ya sebuleni kwako, kwahiyo namba inayotoka inakuwa kati ya hivyo viwili. Mchana chumba kikifika 32 stika inapanda kuliko maji, usiku ukiwasha feni inashuka. Na zicheki vizuri namba zake, nyingi zimerukwa mbili mbili, 26, 28, 30, unasoma ile iliyowaka kijani, sasa maji yakiwa 27 na nusu utajuaje? Siichukii, inafaa kukuonyesha ukiwa mlangoni kwamba leo mambo sio ya kawaida, basi. Ukiibandika karibu na taa au panapopigwa na jua la dirishani hata hiyo kazi haiwezi.

Sasa barafu. Chukua barafu ya maji safi, ifunge kwenye kitambaa uigonge na mchi mpaka iwe vipande vidogo vidogo, jaza kikombe kikubwa mpaka juu, ndo umimine maji baridi kidogo tu ya kuziba nafasi, iwe kama uji mzito wa barafu. Hapa ndo wengi wanapoharibu, wanaweka maji kikombe kizima na vipande vitatu vinaelea juu, wanasema tayari. Maji ya nyuzi 4 ndo mazito kuliko yote, yanazama, kwahiyo kwenye kikombe cha namna hiyo juu utapata 0 na chini unaweza kukuta 4, af unailaumu themometa bure. Barafu ifike mpaka chini. Koroga, subiri dakika tatu hivi, zamisha sensa ya dijitali (ile ncha ya waya inayopima) na ile ya kioo katikati, zisiguse kikombe, koroga tena taratibu mpaka namba itulie. Hapo joto ni nyuzi 0, uwe Dar uwe Mbeya. Ila barafu ya maji ya kisima cha chumvi hapana, chumvi inashusha chini ya 0.

Kama dijitali inasoma 1.3 maana yake inazidisha 1.3. Usiitupe. Andika kwenye kipande cha tepu "toa 1.3", bandika nyuma yake, maisha yaendelee. Ile ya kioo icheki kwanza kama namba zake zinafika 0, kuna zingine zinaanzia juu huko 16 au 18, hiyo utaipima kwa kuilinganisha na ya dijitali ukishaijua kasoro yake.

Kuna kipimo cha pili ambacho mimi nakipenda zaidi, maana 0 iko mbali na joto la tanki na themometa inaweza kuwa sawa kwenye barafu ikapotea huku juu. Ile themometa ya homa ya dijitali mnayomwekea mtoto kwapani imetengenezwa iwe sahihi kwenye joto la mwili, nzuri yake inakosea 0.1 tu, yaani ndani ya nyumba huna chombo cha kuaminika kuizidi. Weka maji ya uvuguvugu ya kama 38 kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, yakoroge, ingiza ncha ya ile ya homa pamoja na sensa yako zikiwa zimekaribiana, ikilia tu soma zote mbili hapo hapo. Usichelewe, ya homa inashikilia namba ya juu kabisa iliyoiona wakati maji yanaendelea kupoa. Na usiipeleke tankini ukitegemea ikusomee 27, nyingi zikienda chini ya 32 zinakuandikia "Lo" tu.

Sasa ukiwa na kasoro kwenye 0 na kasoro kwenye 37 na zinafanana, hata tankini ni hiyo hiyo. Zikitofautiana sana, moja imezidisha 0.2 nyingine 2, hiyo themometa mrudishie mwenye duka.

Hiyo .4 kwenye 28.4 yako isikutishe pia. Kuonyesha desimali ni jambo moja, kuwa sahihi ni jambo lingine, dijitali nyingi za bei ya kawaida zina uhuru wa kukosea nyuzi moja juu au chini hata zikiwa mpya. Betri ikichoka nayo inaleta namba za ajabu. Ile ya kioo soma jicho likiwa usawa wa kimiminika, usiiangalie kutokea juu wala pembeni ya tanki, na kagua kama ule mstari mwekundu haujakatika katikati, ukiona pengo hiyo inadanganya. Wakati mwingine ukiiweka kwenye barafu kimiminika kinarudi kwenye tumbo lake na kuungana.

Halafu mahali. Sensa ikikaa karibu na hita inapima hita. Iweke upande wa pili wa tanki, katikati ya kimo, mbali na taa, sehemu ambayo maji ya filta yanazunguka. Umeme ukikatika filta ikasimama, maji yanajipanga tabaka, ya moto juu, ya baridi chini, kwahiyo siku hizo pima sehemu mbili. Guppy na angelfish wako wanataka kati ya 24 na 28, kwahiyo nikiangalia hizo namba zako, ukitoa ile stika, samaki hawana shida yoyote, mwenye presha ni wewe tu.

SWALI: Sasa mkuu, niko Nairobi. Nilitest themometa na maji yanayochemka ikasoma 94, nimeambiwa lazima iwe 100. Nitupe? Pia hita nimeset 26 lakini tanki la lita 100 linakaa 22 hii July yote. Hita ni ya wati 50.

JIBU: Usitupe! Themometa yako imekuambia ukweli mtupu. Nairobi iko juu kama mita 1,700 hivi, presha ya hewa ni ndogo, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 na kitu. 100 ni ya watu wa Mombasa. Ndo maana mimi kwa kazi hii sipendi maji ya kuchemka, lazima ujue mwinuko, mvuke unaunguza, na zile za kioo za akwariamu nyingi namba zake zinaishia 50, ukiitumbukiza kwenye sufuria inapasuka. Kaa na barafu.

Hita sasa. Kile kitufe cha 26 kipe heshima kidogo tu, ni cha kukadiria, hita mbili za boksi moja ukiziseti namba moja zinaweza kutofautiana nyuzi mbili. Ila kwako ishu sio kitufe, ni nguvu. Wati 50 kwenye lita 100, hata kama joto lisingepotea popote, inapandisha maji kama nyuzi 0.4 kwa saa, na chumba cha Nairobi July kinanyonya joto usiku kucha, kwahiyo inafika mahali kinachoingia na kinachotoka vinalingana, maji yanagoma kwenye 22. Angalia ile taa ya hita alfajiri: ikiwa inawaka muda wote bila kuzima, imezidiwa, tafuta ya wati 100. Ikiwa imezima wakati maji ni 22, hapo kitufe ndo kinadanganya, kipandishe kidogo kidogo, usiku kwa usiku, huku unasoma themometa uliyoipima. Na ufunike tanki. Kabla ya kuingiza mkono chomoa hita kwenye soketi, na usiitoe majini ikiwa ya moto, kioo chake kinapasuka.

SWALI: Habari. Ofisini tumebaki na ile bunduki ya kupima joto ya kipindi cha korona. Naweza kupimia tanki? Nikielekeza kwenye kioo inasoma 24. Mwanza.

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Ukielekeza kwenye kioo umepima kioo, ile miale haipiti ndani. Elekeza juu kwenye maji yenyewe, kwa karibu, wima, mfuniko ukiwa wazi. Maji yanasomeka vizuri na vifaa hivyo ila anachosoma ni ngozi ya juu tu ya maji, ambayo kwa kuvukiza huwa imepoa kidogo, kwahiyo koroga kwanza. Af kuna kitufe cha modi, ya mwili na ya vitu. Ikiwa kwenye mwili inapiga hesabu zake za paji la uso, namba utakayopata haina maana kwa samaki. Weka ya vitu. Hata hivo bado hukosea nyuzi moja au mbili, kwahiyo mi ningeitumia kulinganisha ndoo ya maji mapya na tanki kabla ya kumimina, maana kifaa ni kile kile na kosa lake ni lile lile pande zote, unachotaka ni tofauti tu.

SWALI: Anko mimi nafuga Tropheus wa Kigoma, niko Kigamboni. Mwezi wa pili tanki linafika 31 mchana, nimepima na themometa mbili nzuri. Samaki wanapanda juu wanahema. Nipime mara ngapi kwa siku na nifanye nini?

JIBU: Wewe namba yako naiamini, na samaki wanaithibitisha. Huko kwao maji ya juu ya Ziwa Tanganyika muda mwingi yako kwenye 25 mpaka 27 hivi, na ziwa kubwa namna ile halibadiliki kati ya asubuhi na mchana kama tanki la sebuleni. Wanahema kwa sababu maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 25 lita moja inashika kama miligramu 8.3, kwenye 31 inabaki 7.4 hivi, na wakati huo huo mwili wa samaki unachoma haraka unataka zaidi.

Pima mara mbili, alfajiri kabla jua halijachomoza na saa tisa alasiri, andika kwenye kidaftari. Mimi ningeangalia zaidi ule umbali kati ya hizo mbili kuliko namba moja moja, ukizidi nyuzi 3 kila siku wanachoka hata kama wastani unapendeza. Ongeza pampu ya hewa leo leo, punguza chakula, zima taa mchana, sogeza tanki mbali na ukuta wa magharibi. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi 2 au 3 sehemu kavu, kwa unyevu wa Kigamboni usitegemee sana zaidi ya moja au mbili, na maji yatapungua haraka kwahiyo jazia. Chupa ya plastiki yenye maji ya barafu iliyofungwa unaweza kuiacha ielee tankini, ila ndogo, moja kwa wakati, huku themometa iko majini. Ukiona imeshuka nyuzi moja ndani ya saa itoe, upumzike, ndo urudishe.