Kipepeo wa Mndimu na Sisimizi wa Sukari: Ni Mkubwa Mara Ngapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa. Wanafunzi wangu waliokota chini ya mndimu kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, wakampima kwa rula wakapata sentimita 12 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Sisimizi wa manjano aliyekuwa akibeba chembe ya sukari alifikia milimita 2. Je, kipepeo ni mkubwa mara 60? Na mbona yeye habebi chochote?

JIBU: Ndugu mwalimu, kugawanya wamegawanya vizuri, ila wamelinganisha upana wa mabawa ya mmoja na urefu wa mwili wa mwingine. Bawa la kipepeo ni utando mwembamba uliofunikwa na magamba madogo mno, yale yanayobaki kidoleni kama unga, na uzito wake ni kidogo sana. Kwa maelezo yako, huyo ni Papilio demodocus, ambaye kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege kilichodondokea jani, na akikua huwa wa kijani. Ukimgusa, huchomoza nyuma ya kichwa kiungo laini chenye umbo la panda na harufu kali. (Wenye miche ya ndimu na machungwa humjua kwa hasara kuliko kwa urembo.) Mpimeni kipepeo kiwiliwili pekee, kichwa hadi ncha ya tumbo, mtapata sentimita 3 hivi, yaani mara 15 tu ya sisimizi.

Mwili ukirefuka mara 15 pasipo kubadili umbo, uzito huongezeka mara 15 × 15 × 15, yaani 3,375, lakini nguvu ya msuli, ambayo hutegemea eneo la mkato wake, huongezeka mara 15 × 15, yaani 225 tu. Ndiyo maana mdudu mdogo, ukilinganisha na uzito wake, ana nguvu kuliko mkubwa. Sisimizi angekuzwa akafikia ukubwa wa mbuzi, miguu ile ile isingemwinua.

Hata hivyo, kwa maoni yangu jibu la swali lako la pili limo zaidi kinywani kuliko kwenye hesabu. Sisimizi ana mataya yanayobana kama koleo, ilhali kipepeo ana mrija wa kufyonzea maji ya maua, ambao huuviringisha chini ya kichwa asipoutumia, hivyo hana cha kushikia mzigo. Wala hana wa kumpelekea: hujilisha mwenyewe, wakati ile chembe ya sukari ilikuwa njiani kwenda kiotani, kwa malkia na mabuu.