Paka mzee akianza kukojoa ndani, mpimeni kwanza kabla hamjamtoa nyumbani

Dada, nimesoma maelezo yako yote. Paka jike wa miaka 13, maisha yake yote akitoka dirishani jikoni kwenda kujisaidia uwani, sasa anakojoa kwenye kapeti la sebuleni na juzi kaukojolea mswala wa mama mkwe wako. Shemeji anataka akaachwe soko la samaki, na wengi waliokujibu wamesema msugue pua kwenye mkojo wake ashike adabu. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo mawili. Nimelelewa na bibi Tanga kwenye nyumba iliyojaa paka, na nimefuga mpaka leo. Wa mwisho kuzeekea mikononi mwangu, Chausiku, alifika miaka 17, na haya unayoyaona tuliyapitia naye.

Paka hakukomoi. Hajakaa akapanga kuchafua mswala wa mtu kwa sababu mmechelewa kumpa chakula. Aliyekuwa msafi miaka yote hiyo akabadilika uzeeni, kuna kitu kimembadilikia mwilini. Ukimsugua pua au kumpiga hataunganisha kipigo na mkojo wa saa moja iliyopita. Atakachojifunza ni kukuogopa wewe, na kesho atakojoa uvunguni au nyuma ya kabati ambako hutaona mpaka harufu ikuite.

Anza na lile dirisha. Sogea pembeni umwangalie akitaka kutoka. Chausiku naye alikuwa na dirisha lake. Alianza kusimama chini yake, anatazama juu, anakusanya miguu ya nyuma, anatikisa kiuno kana kwamba anaruka sasa hivi, halafu anashusha kichwa na kugeuka. Anajaribu tena. Mwisho anakwenda kwenye kitambaa cha mlangoni, anachuchumaa hapo. Mtu aliyekuta kitambaa kimelowa tu angesema paka kawa mjeuri. Mimi nilimwona akihangaika kutoka akashindwa.

Hiyo ni yabisi ya viungo, na kwa paka wazee imeenea kuliko watu wanavyodhani. Kuna madaktari wa wanyama Marekani waliopitia picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, wakakuta 90 kati yao wana dalili za viungo kuchakaa. Walichapisha matokeo mwaka 2002. Wenye paka wengi hawajui, kwa sababu paka anayeumwa miguu yote miwili ya nyuma mara nyingi hachechemei. Anaacha tu kuruka. Angalia kama bado anapanda juu ya friji au kochi, kama manyoya ya mgongoni karibu na mkia yameshikana kwa sababu hafiki kujilamba, na kama anakuwa mkali ukimgusa kiunoni.

La pili ni maji. Umegusia kwamba siku hizi unamkuta kwenye ndoo ya bafuni. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi zaidi. Paka mzee anayekunywa sana na kukojoa sana anaweza kuwa na figo zilizochoka, au kisukari, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Mwenye tatizo la tezi mara nyingi anakula kwa pupa na bado anakonda. Figo ndizo zinazowapata wengi, na huchoka kimyakimya: kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huitoa na ambayo daktari huipima kwenye damu, haipandi vizuri mpaka karibu robo tatu ya uwezo wa figo umeshapotea. Paka wa namna hii anajua pa kwenda, ila kibofu kinajaa haraka kuliko anavyoweza kufika.

Unaweza kupima mwenyewe nyumbani. Funika ndoo zote, funga mlango wa choo, umwachie bakuli moja tu la maji ambayo umeyapima kwa chupa ya soda ya nusu lita. Kesho saa ile ile pima yaliyobaki. Paka akizidi mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mililita 200 kwa paka wa kilo nne, hiyo si kiu ya joto la pwani, mpeleke. Na tafadhali, usimnyime maji ukidhani utapunguza mkojo. Mwenye figo mbovu akikosa maji anaharibika ndani ya muda mfupi sana.

Kwa daktari wa mifugo usiseme tu "anakojoa ndani". Mwambie anakojoa wapi, mkojo mwingi au matone, kinyesi nacho kinatoka ndani au bado anafanya nje, maji kiasi gani, uzito umepungua au la. Omba apimwe damu na mkojo, na presha kama wana kifaa. Maambukizi ya kibofu nayo huwapata zaidi wazee kuliko paka vijana, kwa hiyo mkojo usirukwe. Kuupata si kazi: mfungie chumba kimoja chenye beseni safi lililowekwa kokoto ndogo zilizooshwa na kukaushwa, akimaliza vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia kwenye kichupa safi, na ufike kliniki mapema siku hiyo hiyo. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwingine ulizia daktari aliyezoea paka na mbwa, maana wengine kazi yao ya kila siku ni ng'ombe na kuku.

Wenye madume wanaosoma uzi huu nao wasikie. Dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, anajilamba sehemu za siri na hakuna kinachotoka, msingoje asubuhi. Njia ya mkojo imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Na mtu asimpe panadoli eti viungo vinamuuma. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, kidonge kimoja cha mtu mzima kinaua. Diklofenaki vivyo hivyo iacheni. Dawa za maumivu za paka zipo, na daktari huangalia figo kwanza ndipo aandike.

Sasa mambo ya nyumbani. Hata akitibiwa, lile dirisha hatalirudia kama zamani, kwa hiyo anahitaji choo cha ndani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tafuta beseni pana la kufulia, ambalo anaweza kusimama na kugeuka bila kubanwa. Kata upande mmoja mpaka ubaki ukingo wa vidole vitatu tu. Kisu kilichopashwa moto kinapita kwenye plastiki bila shida, kisha sugua ule mkato kwa msasa usimchane tumbo. Ndani usinunue kitu chenye marashi. Nenda uwani, pale pale alipozoea kufukua, chota udongo wa hapo uchanganye na mchanga mkavu. Chausiku alinusa, akafukua, na hakuhitaji somo jingine. Mchanga usiwe wa kina kirefu, maana miguu yenye maumivu inazama na kuyumba. Liweke njiani anapopita, mbali na chakula chake, na usiku acha taa ndogo iwake karibu. Kama nyumba ni ya ghorofa, kila ghorofa liwe na lake. Paka wa miaka 13 usimpandishe ngazi usiku kutafuta choo.

Zoa kila siku. Paka hukataa choo kichafu, na kwenu kuna sababu nyingine, umesema wifi yako ni mjamzito. Vijidudu vya toksoplasma, ambavyo hutoka na kinyesi cha paka na vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kama paka anavyo, huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kinachotolewa kila siku hakipati muda huo. Yeye asiliguse beseni kabisa, kazi hiyo aifanye mtu mwingine wa nyumbani, na anayezoa anawe mikono kwa sabuni.

Kusafisha ndiko watu wengi wanakopoteza vita. Mkojo wa paka una asidi ya yuriki ambayo maji matupu hayaiondoi. Kapeti likikauka unadhani yamekwisha, mvua zikianza na hewa ikipata unyevu harufu inaamka, na paka akiinusa anarudi pale pale. Kausha kwanza kwa kitambaa, kanyaga mpaka kisilowe tena. Kisha loweka kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya (kwenye pakiti huandikwa "enzymes") iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu, iache ifanye kazi, suuza, anika juani siku nzima. Usitumie zile dawa za kudekia zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji. Nyingi zina fenoli, ambayo ni sumu kwa paka, na paka anayekanyaga kisha akajilamba miguu anazimeza. Dawa ya kung'arishia nguo nayo ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma mapafu, yenu na yake.

Kuhusu mama mkwe, nakushauri umsikilize. Paka mwenyewe si najisi, ila mkojo wake ni najisi, na mtu mzima anayeamka alfajiri kuswali akakuta mswala umelowa ana haki ya kukasirika. Ufue mpaka rangi ya mkojo na harufu yake vitoke, na kuanzia leo mswala utundikwe ukutani baada ya swala, usiachwe umetandikwa. Chausiku alipenda vitu laini vilivyo chini kwa sababu havikumuumiza nyayo, na nahisi wako ndivyo alivyo. Bibi yangu alikuwa mkali wa mswala kuliko wote, na yeye ndiye aliyekuwa akimbeba paka wake mzee kila baada ya Isha kumpeleka nje kukojoa. Mweleze mama kwamba ni ugonjwa. Wazee wanaelewa habari za magoti kuuma kuliko sisi.

Chakula nimekiacha makusudi mpaka vipimo vitoke, isipokuwa dagaa. Dagaa analiwa na mifupa yake, na mifupa ina fosforasi nyingi ambayo figo dhaifu hazimudu kuitoa. Mchuzi wenye kitunguu usimpe kabisa, unaharibu damu yake. Kwa sasa mwongezee maji kwenye chakula, mumwekee na mabakuli mawili matatu ya maji sehemu tofauti ukishamaliza kile kipimo.

Chausiku alikutwa na vyote viwili, viungo na figo, na bado alipata miaka mizuri ya kulala juani barazani na kukojoa kwenye beseni lake. Pima maji leo, piga simu kliniki kesho, na mwambie shemeji asubiri majibu. Ukishayapata yaandike hapa hapa kama yalivyo, pamoja na namba za kreatinini, tuangalie pamoja cha kumuuliza daktari safari ya pili.