Baiskeli iliyoitwa irudishwe: wasomaji wauliza, mafundi wajibu

SWALI: Nimenunua baiskeli ya mbio ya mtumba, ina pedali za Shimano Ultegra. Nikipanda mlima inalia kwa-kwa-kwa chini ya mguu wa kulia. Fundi amekaza kila bolti, sauti haikomi. Rafiki yangu aliyeko Marekani anasema vifaa hivyo viliitwa virudishwe. Ni kweli? *Msomaji, Arusha*

JIBU: Ni kweli, ndugu yetu, na tunakuomba usiipande mpaka uikague. Septemba 2023, Shimano na CPSC, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa, walitangaza ukaguzi wa mikono ya pedali (crank, yaani vyuma vinavyoshika pedali, si pedali zenyewe) ya gia 11 iliyotengenezwa kabla ya Julai 2019. Marekani peke yake ilihusu takriban seti 680,000. Kampuni ilikuwa imepokea taarifa 4,519 za mikono kuachana, na watu 6 walikuwa wameumia, wengine kuvunjika mifupa.

Mkono huo si kipande kimoja. Ni vipande viwili vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi, katikati mna uwazi ili uwe mwepesi. Chumvi ya jasho na maji vikipenya kwenye kiungo, alumini huliwa kwa ndani, gundi huachia, na vipande huanza kusuguana kila unapokanyaga. Inaweza kuwa ndiyo sauti unayoisikia. Vikiachana umesimama juu ya pedali, mguu hushuka ghafla na kifua huangukia usukani.

Geuza mkono uone upande wake wa ndani, unaotazama fremu. Tafuta namba ya aina: FC-6800 au FC-R8000 kwa Ultegra, FC-9000, FC-R9100 au FC-R9100P kwa Dura-Ace, aina nyingine ya Shimano. Kisha angalia karibu na tundu la pedali, utaona herufi mbili ndogo zilizogongwa. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi: K ni 2012, L ni 2013, na kuendelea hivyo hadi R, 2019; A ni Januari, L ni Desemba. Kwa hiyo OE ni Mei 2016. Wito unahusu kuanzia KF hadi RF.

Herufi zikiwa ndani ya hapo, osha mkono wa pedali kwa sabuni na brashi ya meno, ukaushe kabisa, kisha mulika tochi kwenye mstari wa kiungo. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukinasa, au ukiona ungaunga mweupe au ufa mwembamba kama unywele, kifaa hicho kimekwisha. Na hata usipoona kitu, maadamu mkono huo unalia, mpelekee muuzaji anayetambuliwa na Shimano aukague. Unaoonekana unaachia hubadilishwa bure.

Fundi asikushawishi kuupaka gundi ya dukani wala kuuchomelea. Moto wa kuchomelea huunguza gundi iliyobaki na kulainisha alumini. Mkono mpya ukifungwa, bolti mbili za upande wa kushoto zikazwe kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, mpaka Nm (newton mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 12 hadi 14.

SWALI: Nina baiskeli ya Trek yenye breki za diski, gurudumu la mbele hufunguliwa kwa wenzo wa mkono. Nimesikia wenzo huo una hatari. *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Aprili 2015 Trek iliita baiskeli takriban 900,000 Marekani, za kuanzia mwaka 2000 hadi 2015. Wenzo ukilegea unaweza kuzunguka kupita kiasi na kunasa kwenye diski. Gurudumu husimama papo hapo au huchomoka. Mpanda baiskeli mmoja alipooza mikono na miguu.

Kipimo ni penseli. Fungua wenzo mpaka mwisho, usogeze kuelekea diski. Nafasi ikiwa chini ya milimita 6, yaani penseli haipiti, badilisha. Mwezi Septemba mwaka huohuo wito kama huo ulifuata kwa kampuni nyingine 13, kwa hiyo pima hata kama yako si Trek.

Pia wengi hufunga wenzo kwa kuuzungusha kama nati. Hapana. Unakunjwa, na ugumu uanze pale wenzo unapokuwa sambamba na mhimili. Ukimaliza kuusukuma, kiganja kibaki na alama.

SWALI: Sina risiti. Nitasikilizwa? *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Jaribu bila kusita, kwa sababu kasoro iko kwenye kifaa, haiko kwenye risiti. Piga picha tatu: kifaa kizima, namba yake kwa karibu, na namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini, pale mhimili wa pedali unapopita. Zitume kwa mwakilishi wa kampuni aliye karibu. Tafuta jina la baiskeli pia kwenye tovuti ya CPSC, na kwenye Safety Gate, tovuti ya Umoja wa Ulaya inayotangaza bidhaa hatari, ikiwa mzigo ulitoka Ulaya.

Wenye maduka ya mtumba, fanyeni hivyo kabla ya kuuza. Marekani, kuuza bidhaa iliyoitwa irudishwe bila kuirekebisha ni kosa kisheria, iwe mpya au iliyotumika. Kifaa kibovu kikishaondolewa, kikateni kwa msumeno katikati, kisije kikarudi sokoni kama spea.