Umeshusha gari na taa ya onyo haijawaka: kamera na rada bado zinadai kupimwa

Mkuu, umeuliza kama springi fupi ulizofunga, milimita 40 mbele na 20 nyuma, zinadai kalibresheni, yaani kupima na kulenga upya kamera na rada zinazomsaidia dereva, ilhali dashibodi haina taa ya onyo hata moja. Zinadai. Taa huwaka kosa likivuka kiwango ilichowekewa kompyuta. Chini ya hapo hesabu zinaendelea kupigwa, na zinatoka vibaya.

Kinachokuumiza si hizo 40, ni tofauti ya 20 kati ya mbele na nyuma. Ekseli zikiachana mita 2.7, pua imeinama kama digrii 0.4. Inaonekana si kitu. Lakini kamera iliyo mita 1.3 toka chini hukadiria umbali pia kwa kuangalia tairi za gari la mbele zinagusa lami sehemu gani ya picha. Kwa hesabu hiyo pekee, gari lililo mita 50 litasomeka kama liko 70. Mifumo mingine hujirekebisha ikiwa barabarani, ila ina mipaka. Ungeshusha 30 kote sawasawa, kosa lingekuwa asilimia 2 na ushee tu.

Rada ya bampa haikosei umbali, inakosea pa kutazama. Ikiinama inaokota mwangwi wa lami na mifuniko ya chuma, na gari la mbali inaliona kwa kuchelewa.

Endesha kwanza mpaka springi zikae, weka upepo sawa, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne. Alaimenti hutangulia, usikubali fundi airuke: kushusha hubadilisha toe ya nyuma (tairi zinavyoelekea ndani au nje), nayo ndiyo inayoamua mwelekeo wa gari ambao kamera na rada hulengwa nao. Baada ya hapo rudisha sifuri sensa ya usukani, ndipo kalibresheni kwenye sakafu iliyo sawa. Kwa Volkswagen na Audi nyingi mashine ya kalibresheni itakuuliza urefu huo wa gurudumu hadi fenda. Jaza ulivyopima, si vya kiwandani ili tu ipite.

Kama taa za mbele hujipanga zenyewe, angalia kijiti cha sensa ya urefu kwenye sasipensheni. Usikipinde, funga kinachorekebishika.

Rada ikikataa kukaa sawa, huenda skrubu yake ya kurekebishia mwelekeo imefika mwisho. Inua mbele au shusha nyuma kidogo, rudia alaimenti, halafu ujaribu tena.