Kabla hujaandika tena "aleji ya jua"

Wiki hii nimepitia mafaili ya kliniki ya ngozi. "Aleji ya jua, setirizini" (hiyo ni dawa ya aleji) imeandikwa kwa dereva wa daladala, kwa mama wa mwani, kwa kijana wa CTC (kliniki ya VVU), hadi kwa mtoto mwenye ualbino. Madaktari wadogo zangu, nawapenda, lakini mtaniua kwa presha. Mtoto mwenye ualbino hana aleji yoyote, ana upungufu wa melanini, rangi ya ngozi. Kinga yake haijakosa kitu. Mwandikieni kofia pana, mikono mirefu na losheni, na mkague ngozi yake kila akija.

1. Ulizeni saa. Vipele vilitoka muda gani baada ya jua, na vilikaa mpaka lini? Mabaka ya kuwasha yanayovimba ndani ya dakika chache na kupotea siku hiyohiyo ni urtikaria ya jua. Histamini, kemikali ya aleji, imemwagika, na hapo setirizini ina kazi. Vipele vya baada ya saa kadhaa au siku nzima, vinavyokauka kwa siku chache akikaa kivulini, ni kazi ya seli T, askari wa kinga ya mwili. Vikikaa wiki baada ya wiki, fikirieni lupus (kinga kuushambulia mwili wenyewe) kwanza, mengine baadaye.

Hapo kwenye seli T mtihani hupenda kuwatega. Kwa kawaida mionzi ya UV huituliza kinga ya ngozi, na seli za Langerhans, walinzi wa kinga walioko kwenye ngozi, hupungua. Kwa wenye vipele hivi zinabaki palepale, na inavyoelekea kinga inaanza kupigana na vitu vya ngozi hiyohiyo vilivyobadilishwa na mionzi. Ndiyo maana wengi wao hupata nafuu ngozi ikizoea jua pole pole.

2. Kioo cha dirisha la pembeni la gari kinapitisha UVA, aina mojawapo ya UV. Dereva aliyeharibika mkono wa kulia tu anawapa jibu kabla hajakaa. Muulizeni na dawa: doksisaiklini (antibayotiki) huunguza ngozi juani bila kuihusisha kinga kabisa.

3. Lupus. Nilipokuwa mgeni kama ninyi, alikuja dada mmoja mkulima wa mwani. Mashavu na mgongo wa pua vilikuwa vyeusi vyenye kuelekea zambarau, mikunjo ya kando ya pua imebaki safi. Picha ile niliisoma, ila kitabuni shavu lilikuwa jekundu, la Mzungu. Akaniambia, "Daktari, nikishuka pwani tu, uso unawaka." Nikalidaka hilo jua na sikuuliza kingine. Sikuuliza viungo. Sikumwambia afungue kinywa. Mtandio sikumwomba auvue, na chini yake nywele za mbele zilikuwa zimekatikakatika. Nikampa betamethasoni (steroidi) ya kupaka na setirizini, nikamwambia arudi asipopata nafuu.

Akapata nafuu! Hapo ndipo niliponasa. Krimu ilififisha uso, dada akaamini amepona, akarudi zake kwenye mwani kukicha. Jua likaendelea kuua seli za ngozi. Zikifa, protini kama Ro zinazokaa ndani hujitokeza nje, kingamwili zikazikamata, interferoni, kemikali ya kuamsha kinga, ikapanda. Na ugonjwa huo ukichochewa haubaki usoni. Aliporudi, macho yalikuwa yamevimba, mguu ukiubonyeza shimo linabaki, presha juu, mkojo umejaa protini. Figo. Bosi wangu alisoma maandishi yangu yale mafupi, akauliza: "Mkojo ulipima?" Kijiti cha mkojo kinachukua dakika mbili. Sikuwa na la kujibu, na nilikuwa nimezoea kuwa na la kujibu. Yule dada yuko hai, anameza hidroksiklorokwini, dawa ya lupus, na tunampima macho kwa ratiba. Akiniona koridoni huniita "daktari wa setirizini" mbele ya wanafunzi, nami naitika.

4. Kwenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu. Tafuteni weusi, zambarau, na makovu ndani ya bakuli la sikio. Angalieni chini ya kidevu na nyuma ya masikio: pakiwa safi, shukuni jua, pakiwa pameshika, huenda ni kitu cha hewani, vumbi au moshi. Na ulizeni mkorogo bila kumkunjia mtu uso, maana mkorogo wenye steroidi hufunika kila kitu, na akihisi mnamhukumu atakana mpaka kesho.

5. Kijana wa CTC. VVU vikiishusha CD4 (seli za kinga), ngozi inaweza kukataa jua, na Septrin, antibayotiki ya kinga, nayo inaweza kuchochea, kwa hiyo someni kadi yake ya dawa kabla ya kusoma ngozi. Yule wa juzi alikuwa kwenye isoniazidi, dawa ya TB, ana mkufu mweusi shingoni, mikono imekauka na kubanduka, anaharisha. Mkamwandikia nini? Sisemi. Ile ni pelagra, ugonjwa wa ukosefu wa niasini (vitamini B3): isoniazidi huvuruga utengenezaji wa niasini mwilini, na piridoksini (vitamini B6) peke yake haitamtosha, anahitaji nikotinamidi, aina ya vitamini B3. Isoniazidi msiikate kimyakimya; pigeni simu chumba cha TB kwanza.