Maswali ya wanafunzi: jaribio bila kidhibiti

Niliutilia mmea wangu mbolea, ukarefuka sana. Mwalimu akasema jaribio halina kidhibiti. Kwani kuna kasoro gani?

Kurefuka umerefuka, hilo halina ubishi. Swali ni hili: bila mbolea ungefika wapi? Mmea mchanga hurefuka kila siku ukipata maji na mwanga tu. Kwa hiyo chukua makopo mawili yanayolingana, utie udongo wa aina moja, upande mbegu za aina moja, uyaweke mahali pamoja na kuyamwagilia maji ya kipimo kimoja. Kopo moja litie mbolea, la pili usilitie. Hilo la pili ndilo kidhibiti: linakuonyesha ambacho kingetokea hata kama usingefanya lolote.

Nikibadilisha vitu viwili kwa pamoja si nitaokoa muda?

Utaupoteza, maana hutajua ni kipi kilicholeta matokeo. Ukitaka kupima mbolea na mwanga pamoja, andaa makundi manne: lenye vyote viwili, lenye mbolea tu, lenye mwanga tu, na lisilo na chochote kati ya hivyo.

Tupe mfano wa jaribio la kweli.

Ninaoupenda kuliko yote ni wa Francesco Redi, daktari wa Italia, aliyechapisha majaribio yake mwaka 1668. Zama hizo watu wengi waliamini kwamba funza huzaliwa na nyama yenyewe inapooza. Redi alitia nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akaviziba kabisa. Vya wazi vikajaa funza, vilivyozibwa havikuwa nao.

Je, ushahidi umetosha? Bado. Chombo kilichozibwa kimekosa nzi, lakini kimekosa na hewa safi. Tofauti zimekuwa mbili! Basi Redi akarudia, safari hii akifunika vyombo kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na kuzuia nzi. Nyama ikaoza vilevile, ila funza hawakuota ndani yake. Nzi walivutwa na harufu wakataga juu ya kitambaa. Hewa ilikuwepo pande zote, na kilichobaki kutofautisha vyombo ni nzi peke yao. Angalia alivyojiuliza mwenyewe ni kitu gani kingine alichokibadilisha bila kukusudia. Swali hilo ndilo gumu kuliko vifaa vyote vya maabara.

Kwa nini katika majaribio ya dawa wengine hupewa vidonge visivyo na dawa?

Kwa sababu mtu anayeamini ametibiwa anaweza kujisikia nafuu, na magonjwa mengine hupona yenyewe. Makundi yote mawili yakimeza kidonge kinachofanana, imani inakuwa sawa pande zote. Mara nyingi hata daktari anayewapima hajui nani kapewa kipi, asije akaona nafuu anayoitamani. Kama tayari kuna tiba inayofanya kazi, kwa kawaida dawa mpya hulinganishwa na tiba hiyo, ili wagonjwa wasinyimwe matibabu.

Mbegu ngapi zinatosha?

Mbegu moja kila upande haitoshi, kwani hata mbegu za mfuko mmoja hazikui sawa. Weka angalau kumi kila upande, kisha ulinganishe wastani wa vimo. Mbegu ipi iende kopo lipi, amua kwa kura. Ukichagua kwa macho, zilizonona zitaishia upande wenye mbolea bila wewe kujua.